Baiskeli Sokoni: Uiache Wapi, na Mzigo Uurudisheje

SWALI: Mimi ni mama lishe, naishi Magomeni, Dar es Salaam. Nimepewa baiskeli ya mtumba, ile ya Kijapani yenye kapu mbele, na imenipunguzia sana nauli ninapokwenda kuhemea. Shida ni pa kuiacha. Juzi niliifunga kwenye kibao cha barabarani Kariakoo, niliporudi nikakuta siti haipo. Siku nyingine mlinzi alinifukuza mlangoni mwa duka. Shemeji yangu ananiambia niiuze, nichangie kununua pikipiki. Je, mwenye baiskeli anaiacha wapi akiwa sokoni? Na anabebaje vitu vya kupikia watu thelathini visimwagike njiani?

JIBU: Dada yangu, usiiuze. Baiskeli uliyopewa inafaa kazi yako kuliko nyingi zinazouzwa mpya madukani, na yote yaliyokupata yana dawa. Ila dawa yenyewe usianze kuitafuta kwenye kufuli. Katika masoko yetu baiskeli inalindwa na mtu anayeijua na anayemjua mwenyewe. Kufuli linamsaidia mtu huyo. Kwa hiyo kabla hujaamua nyanya unanunua wapi, amua baiskeli unamwachia nani, halafu safari yako yote ya kuhemea izungukie hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu siti yako. Mwizi wa sokoni kwa kawaida haitaki baiskeli nzima. Baiskeli nzima ina sura, ina mwenyewe wa kuipigia kelele, na kuipitisha katikati ya watu ni kazi. Siti haina jina. Kama ilikuwa imefungwa kwa ile klipu ya kuvuta kwa mkono, inachomoka mara moja, inaingia kwenye mfuko, na kabla ya magharibi imeshapata mteja. Ndivyo zinavyokwenda taa, kengele, pampu, hata gurudumu la mbele kama nalo lina klipu. Pale kwenye kibao walipita watu mamia, lakini hakuna hata mmoja aliyejua ile siti ni ya nani. Aliyemwona mwizi alidhani ni mwenyewe anarekebisha baiskeli yake. Ndiyo maana mahali penye watu wengi wasiokujua ni pabaya zaidi kuliko kona tulivu yenye mtu mmoja anayekujua.

Mtu wa kwanza ninayekuelekeza kwake ni fundi baiskeli. Mimi nimeshika spana miaka mingi, kwa hiyo nalisema hili nikiwa ndani yake. Karibu kila soko la Dar lina fundi aliyejibanza chini ya mti au kando ya ukuta, na beseni lake la maji ya kutafutia tundu la tyubu, vipande vya mpira, solushani na pampu. Yuko pale tangu asubuhi hadi jua linazama. Baiskeli zimemzunguka, na macho yake hayatoki hapo kwa sababu ndizo riziki yake. Akiona mtu asiyemjua anaigusa ya mteja, atauliza. Usimwendee siku ya kwanza na ombi la kulindiwa, mwendee na kazi: ajaze upepo, akaze breki, aupake mnyororo mafuta. Mlipe, mfahamiane. Safari ya pili mwambie, "Kaka, naomba niiache hapa kwako saa moja, nakwenda kuhemea." Ukirudi mpe mia tano au elfu moja bila kusubiri aombe. Akishakuzoea, atakuwa anaikagua spoku iliyolegea hata kabla hujamwambia.

Mtu wa pili ni mwenye duka unakonunua vitu vizito. Watu wengi hukosea hapa: wanafika, wanaiegemeza baiskeli mlangoni, wanaingia kimya. Yule mlinzi aliyekufukuza ameagizwa mlango usizibwe, na baiskeli iliyosimama mlangoni kwake ni kesi na bosi wake. Ukimwuliza kama unaweza kuiacha, jibu jepesi kwake ni hapana. Muulize upande. "Shikamoo baba. Nakuja kuchukua mchele na mafuta humu ndani, baiskeli niiweke upande gani isikuzuie?" Swali hilo linampa heshima yake na kumpa kazi anayoiweza, na mara nyingi atakuonyesha nafasi kati ya jenereta na ukuta ambayo wewe mwenyewe usingeiona. Na kama ni duka la jumla unakonunua kila wiki, zungumza na mwenye duka moja kwa moja. Mteja wa magunia hanyimwi kipande cha ukuta.

Halafu wewe una kitu ambacho wateja wengi wa soko hawana, nacho ni mama lishe wenzako. Kila soko lina mama anayepika pale, na yeye haondoki: sufuria ziko jikoni, wateja wamekaa kwenye mabenchi. Mtu wa namna hiyo ni mlinzi bora, tena mnaongea lugha moja ya kazi. Akuwekee baiskeli, na siku ukiwahi shambani au mnadani umchukulie na yeye fungu lake la vitunguu. Nimeona utaratibu huo ukidumu miaka bila shilingi kupita mkono kwa mkono.

Wapo na wengine wa kuwafikiria pale unapokuwa mgeni. Mhudumu wa choo cha kulipia anakaa mlangoni siku nzima na ana ukuta nyuma yake. Kijiwe cha bodaboda chenye mwenyekiti wake nacho kina macho. Mtafute mwenyekiti, usimwambie tu kijana yeyote aliyekaa juu ya pikipiki, kwa sababu huyo akipata abiria anaondoka. Ukuta wa msikiti watu huutumia sana, na kwa muda mfupi hapana neno ukiomba, ila Ijumaa mchana paache kabisa, waumini wanahitaji kila hatua ya pale.

Sasa Kariakoo yenyewe. Ukitoka Magomeni unavuka bonde la Jangwani na kuingia Mtaa wa Msimbazi, na kishawishi ni kuisogeza baiskeli hadi mlangoni mwa kila duka. Usifanye hivyo. Kufikia katikati ya asubuhi Mtaa wa Kongo haupitiki na baiskeli hata ya kukokota. Bidhaa zimepangwa chini pande zote, na pedeli yako itanasa dera la mtu au itaburuta turubai la mwenye viatu. Iache pembezoni, upande wa Msimbazi ulikoingilia, au upande wa Lumumba na Mnazi Mmoja kama unatokea mjini, kisha ingia ndani kwa miguu na kikapu chako. Vitu vizito utakavyonunua ndani, mlipe mbeba mizigo avilete kwenye baiskeli. Hela hiyo ndogo inakuokoa na balaa la kusukuma mzigo katikati ya umati.

Lakini nikuulize: kila kitu lazima kitoke Kariakoo? Tandale linajulikana kwa nafaka, na kwenda huko kutoka kwako huvuki Jangwani. Mchele, maharage na unga vifuate huko, siku yake peke yake. Mboga na matunda yapo Ilala, unashuka na Barabara ya Kawawa. Ndizi ni Mabibo. Kariakoo ibakie ya viungo, vyombo, na vitu usivyovipata kwingine. Ukigawa hivyo, kila soko linakuwa na mtu wako mmoja wa kumwachia baiskeli, na kila safari inakuwa na mzigo wa aina moja unaofungika vizuri. Anayechanganya trei ya mayai, samaki na kilo 25 za mchele katika safari moja anajitafutia hasara.

Kuna kanuni moja ya mpangilio ambayo ningependa uishike kuliko nyingine zote. Baiskeli tupu inaachika. Baiskeli yenye mzigo haiachiki. Ikiwa tupu, aliyebaki nayo analinda chuma kilichofungwa mnyororo. Ikishapakiwa, analinda vitunguu, mafuta na dagaa, ambavyo hakuna mnyororo wa kuvifunga, na kila mtoto anayepita anaweza kuchomoa kitu. Kwa hiyo fika, iache, zunguka kwa miguu. Anza na vyepesi vilivyo mbali, rudi navyo kwenye kituo chako, malizia na vizito vilivyo karibu. Pakia mara moja, ondoka, usisimame popote hadi nyumbani. Kama umesahau chumvi, inunue dukani kwa Mangi mtaani kwako.

Kuhusu kufuli. Baiskeli za Kijapani nyingi huja na lile kufuli la duara lililoshikizwa juu ya gurudumu la nyuma. Kama lako bado lina ufunguo, litumie kila unaposhuka, hata kwa dakika moja, kwa kuwa linamzuia mtu kuruka juu na kuondoka nayo. Ila halimzuii kuinyanyua begani au kuitupa kwenye guta, lile la mizigo la magurudumu matatu. Kwa hiyo ongeza mnyororo. Zile nyaya zilizovikwa plastiki za rangi, zinazouzwa mikononi barabarani, zinakatwa kwa koleo; zinafaa kufungia kikapu, hazifai kufungia baiskeli. Nenda kwa wauza vyuma Gerezani, nunua mnyororo wenye pete nene, milimita nane au zaidi, urefu wa mita moja hivi, na kufuli zito la kuutosha. Uvike mnyororo tyubu chakavu ili usichubue rangi na usipige kelele. Ukifunga, pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja, kisha kwenye kitu kisichong'oka. Usiuache ulegee hadi chini, kwa sababu mnyororo uliolala sakafuni unapigwa nyundo ukakatika. Uwe juu na umebana. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua na vumbi visiingie. Na sisi wa pwani tuna chumvi hewani, kwa hiyo kila mara tone la mafuta ya cherehani ndani ya kufuli, la sivyo siku moja utabaki sokoni na ufunguo usiozunguka.

Kitu cha kufungia kitazame kutoka chini hadi juu. Kibao cha barabarani kilichokuwa kifupi ni mtego, baiskeli inanyanyuliwa na mnyororo wake na kupitishwa juu. Mti mchanga unavunjwa, na ni dhambi kuuchubua. Nondo ya dirisha ni nzuri ikiwa umeomba. Nguzo ya umeme ni imara lakini ni nene, mnyororo wa mita moja unaweza usiizunguke. Reli za ngazi na vivuko vya watembea kwa miguu usizitumie hata kidogo, kuna wazee na watu wenye ulemavu wanaozishika, na mgambo akiikuta hapo ataibeba kwa haki.

Siti mpya utakayoweka, itoe ile klipu na uifunge kwa nati ya kawaida inayohitaji spana. Kisha chukua kipande cha mnyororo mchakavu wa baiskeli, kivike tyubu, kipitishe kwenye vyuma vya chini ya siti na kwenye fremu, uunganishe ncha zake mbili kwa kile kifaa cha mafundi cha kusukumia pini. Fundi yeyote anaifanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na mwenye kutaka siti yako atalazimika kuja na zana. Gurudumu la mbele nalo liwe na nati. Taa ya betri iondoe na uitie mkobani kila unaposhuka.

Na hili wengi hulipuuza: igeuze baiskeli miguu juu, tazama chini ya fremu pale pedeli zinapokutana, au ubavuni mwa bomba la siti. Kuna namba imegongwa. Iandike, ipige picha, na upige picha baiskeli nzima ukiwa umesimama nayo. Ikitokea ikapotea, utakwenda kituo cha polisi kukata RB ukiwa na kitu cha kuonyesha. Anayesema "ni nyekundu, ina kapu" hana cha kumsaidia askari. Andika pia jina lako au la biashara yako kwa rangi kwenye madigadi, herufi kubwa. Hairembi, najua, lakini baiskeli yenye jina mjini ni ngumu kuuza.

Tuje kwenye mzigo, maana hapo ndipo mali yako inapomwagika.

Tazama keria yako. Kwenye baiskeli hizi za Japani mara nyingi wameandika uzito wa mwisho kwenye kibandiko au kwenye chuma chenyewe, kilo 18, au 25, au 27. Namba hiyo iheshimu. Unawaona wauza mkaa wanapita na magunia yaliyowazidi urefu, lakini wale wana baiskeli za Phoenix za chuma kizito, keria zilizochomelewa upya kwa nondo, na spoku nene. Wewe una rimu nyepesi. Ukiipakia vile, spoku za nyuma zitaanza kukatika moja moja upande wa mnyororo, na siku gurudumu likijikunja itakuwa katikati ya barabara. Kapu la mbele ni la vitu vyepesi tu, kilo tatu hivi: majani, mkate, mkoba wako. Likijaa viazi, usukani unakuwa mzito na baiskeli inakata kona isivyotaka mwenyewe.

Mzigo mzito ukae chini na ukae nyuma, kulia sawa na kushoto. Wazee wa pwani walilijua hili kwa punda: shogi, ule mfuko wa ukindu wenye vyumba viwili unaotupwa mgongoni, kila upande ukiuzania mwenzake. Mpelekee fundi cherehani salfeti mbili imara au kipande cha turubai, akushonee shogi la baiskeli: mifuko miwili iliyounganishwa kwa mkanda mpana unaolala juu ya keria, yenye kamba za kufungia kwenye vyuma vya chini ili isiingie kwenye spoku. Ipime ukiwa umekaa juu na kuzungusha pedeli, kisigino chako kisiguse mfuko. Kifaa hicho kitakusaidia kuliko chochote cha kununua. Ukiwa nacho, baiskeli inasimama wima hata ikiwa imejaa, na juu ya keria panabaki wazi kwa vitu vya kulazwa.

Mafuta ya kula ndiyo yanayowaangusha wengi. Dumu la lita 20 lina kilo 18 na ushei, na likisimamishwa juu ya keria uzito wote uko juu na yanacheza ndani. Nunua madumu mawili ya lita 10, moja kila upande wa shogi. Kiasi ni kilekile na baiskeli inatulia. Mchele wa kilo 25, kama namba ya keria yako inauruhusu, ulaze juu ya keria kwa urefu, ufunge kwa mipira ya tyubu iliyopishana kama msalaba, na safari hiyo usiongeze kitu kingine kizito. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake, tena ni duara na unabiringika. Huo mwachie mwenye duka akuletee.

Mayai yalazwe, yasisimame. Funika trei kwa trei tupu juu yake, funga zote kwa kamba, chini yake weka kanga iliyokunjwa mara nyingi, na uyafunge juu ya keria siku ambayo hakuna kingine juu. Yakiwa kwenye kapu la mbele, kila shimo la barabara yanalipokea yenyewe. Nyanya ziwe za mwisho kuingia shogini, juu ya viazi na vitunguu. Samaki wa soko la Feri ni safari yao peke yao, alfajiri, kwenye ndoo yenye mfuniko na barafu, na kutoka hapo ni nyumbani moja kwa moja. Maji yale ya chumvi yakidondokea mnyororo na rimu yanakula chuma, kwa hiyo ukifika tu mwagia baiskeli maji yasiyo na chumvi, ifute, upake mafuta.

Jambo moja kuhusu mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, tunapewa mifuko mbadala ile ya kitambaa chepesi, na watu huining'iniza kwenye usukani. Usifanye. Inayumba, inagonga goti, na mshono wake ukiachia, mfuko unaingia kwenye spoku za mbele. Gurudumu la mbele likikwama ghafla, anayeendesha anapita juu ya usukani. Nimetengeneza baiskeli za waliofikwa na hayo, na nilichokiona kwenye nyuso zao sitaki kukiona kwako. Kila kitu kiwe ndani ya kapu, ndani ya shogi, au kimefungwa kwenye keria.

Stendi yako, kama ni ile ya miguu miwili, ni neema. Isimamishe kwenye ardhi ngumu, au weka kipande cha ubao chini pakiwa na mchanga. Pakia kidogo kushoto, kidogo kulia, kwa zamu. Ukianza kuondoka, isukume hatua chache kwanza usikie mzigo unavyokaa. Kama kuna kinachogonga, shuka ufunge upya. Barabarani kumbuka kwamba baiskeli yenye kilo 25 nyuma inachelewa kusimama, hasa mvua ikinyesha, kwa hiyo anza kubana breki mapema, ya nyuma ikitangulia. Fremu yako ya kupitisha mguu katikati inakuruhusu kuweka miguu yote miwili chini bila kuinua nguo, na mnyororo wake kwa kawaida una kasha la kuufunika. Kama limevunjika, tafuta lingine, maana dera na kanga vinapenda sana mnyororo. Pindo lifunge kibwebwe kabla ya kupanda.

Njia nayo ina maneno. Kando ya Barabara ya Morogoro kuna njia za watembea kwa miguu na baiskeli zilizojengwa pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016. Zitumie, polepole, ukipiga kengele, kwa kuwa pikipiki nazo hupenya humo na wafanyabiashara hupanga meza. Barabara ya mabasi yenyewe usiiguse hata ikiwa tupu. Basi lile linakuja kwa kasi na halina pa kukukwepea. Na masika, Mto Msimbazi ukipanda pale Jangwani hadi maji yafunike barabara, usiingie. Huoni mtaro ulipo, na maji yakiingia kwenye gololi za magurudumu yanatoa grisi yote. Siku hizo hemea Tandale.

Shemeji yako ana nia njema, na pikipiki ina kazi zake. Lakini inataka mafuta kila siku, bima, leseni na dereva, na ukiipeleka Kariakoo bado utauliza pa kuiacha, tena ikiwa na thamani kubwa zaidi ya kuibiwa. Kwa safari zako za kilomita tatu nne, ukiwa na shogi na watu wako watatu wanne masokoni, baiskeli inakutosha. Ile siku moja ya gunia zima, kodi guta mgawane gharama na mama lishe wa jirani.

La mwisho ni la kwako na la wote wanaokuja na baiskeli. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa ajili ya mabasi yale na njia za miguu na baiskeli zilizokwenda nayo. Inaniuma kwamba mtu anaweza kuifuata njia hiyo hadi mlangoni mwa soko na akifika akose hata bomba moja la kufungia. Si jambo la fedha nyingi. Nafasi ya gari moja inatosha baiskeli kumi. Ukikutana na mwenyekiti wa soko au kamati yake, mpelekee vipimo hivi, ukiwa na wenzako wawili watatu wenye baiskeli ili asione ni haja ya mtu mmoja: bomba la chuma la inchi mbili lililokunjwa kama mlango usio na kizingiti, kimo chake juu ya ardhi sentimita 75, upana wake karibu vilevile, miguu yake izame sentimita 30 kwenye zege. Kila bomba linafungiwa baiskeli mbili, moja kila upande. Kati ya bomba na bomba iachwe mita moja. Wachomeleaji wa Gerezani wanalikunja bila shida. Yawekwe karibu na mlango wa soko, mbele ya mtu anayekaa pale siku nzima, na kama ni fundi baiskeli au mama anayeuza chai, apewe yeye haki ya kukusanya hiyo mia tano.